Mlango Uliofunguka Upande Mmoja: Kufu, Suria na Upendeleo wa Rangi Pwani ya Waswahili

Sayyid Said bin Sultan alipofariki baharini mwaka 1856, akiwa njiani kutoka Maskati kurudi Unguja, aliacha watoto 36. Hakuna hata mmoja kati yao aliyezaliwa na mke wa ndoa. Wote walikuwa watoto wa masuria, wanawake walionunuliwa: wengine Wasarkasi kutoka milima ya Kaukasi, wengine Wahabeshi, wengine kutoka nchi nyinginezo. Mbele ya sheria watoto hao hawakuwa na upungufu wowote, kwa kuwa mtoto wa suria, baba yake akimkubali, ni huru na ni wa ukoo wa baba. Majid, aliyeitawala Unguja baada ya Sayyid Said, mama yake alikuwa Msarkasi. Barghash, aliyemfuata Majid mwaka 1870, mama yake alikuwa Mhabeshi. Weupe wa mama haukumpa mmoja haki zaidi, wala weusi wa mama haukumnyima mwingine kiti.

Anayeitazama habari hii kwa haraka anaweza kuhitimisha kwamba nyumba ya kifalme ya Unguja haikujua ubaguzi wa rangi katika mapenzi. Lakini ina upande wa pili. Binti wa nyumba hiyo hiyo, hata kama mama yake mzazi alinunuliwa Uhabeshi, hakutarajiwa kuolewa na Mhabeshi. Damu ya mataifa mengine iliruhusiwa kuingia katika ukoo kwa njia ya mwanamke aliyenunuliwa. Haikuruhusiwa kuingia kwa njia ya mwanamume aliyekuja kuposa. Mlango ulikuwa mmoja, nao ulifunguka upande mmoja tu.

Leo linaulizwa swali, London na Toronto kama vile Maskati na Dubai: je, mtu anayependelea watu wa rangi au asili fulani katika mapenzi ni mbaguzi? Wapo wanaojibu kwamba moyo hauna hakimu, na kwamba kupenda si kazi ya serikali hata kudaiwe usawa. Wapo wanaojibu kwamba kila upendeleo wa namna hiyo ni chuki iliyovikwa nguo nzuri. Historia ya pwani haiwapi ushindi hawa wala wale. Inafundisha mambo mawili ambayo kila upande huyasahau. La kwanza, kumtamani mtu wa asili fulani si ushahidi wa kutombagua. La pili, haki ya kukataa ni jambo moja, na usafi wa sababu ya kukataa ni jambo jingine.

Kufu na jambo isilolitaja

Neno la pwani katika shauri hili ni kufu. Waswahili walilipokea kutoka Kiarabu pamoja na fikihi, na maana yake ni ulingano: mume awe sawa na mke, asiwe chini yake. Mafakihi wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani, walitaja mambo ya kutazamwa: nasaba, dini, uhuru, kazi, na kusalimika na kasoro zinazoweza kuvunja ndoa. Kufu ilihesabiwa kuwa haki ya mwanamke na walii wake. Na kwa kuwa ni haki, wenyewe waliweza kuiacha. Wakiridhika wote, ndoa ilisihi. Kwa asili yake ilikuwa ngao ya mwanamke asije akaozwa mahali pa kumtweza.

Rangi ya ngozi haimo katika orodha hiyo. Wanavyuoni wa pwani walizijua vilevile habari za Madina. Zainab binti Jahsh, mwanamke wa ukoo wa heshima, aliozwa kwa Zaid bin Haritha, aliyekuwa mtumwa kabla ya kuachwa huru. Fatima binti Qais, Mkureshi, alishauriwa na Mtume aolewe na Usama bin Zaid, ambaye mama yake alikuwa mwanamke wa Kihabeshi. Imamu Malik alishikilia kwamba kufu ya kuzingatiwa ni ya dini. Kwa hiyo aliyetaka hoja ya kumwoza binti yake nje ya kabila lake hakuikosa. Ilikuwamo vitabuni, na ilisomwa misikitini.

Vipi basi rangi iliingia? Iliingia kwa milango miwili iliyoachwa wazi, nasaba na uhuru. Katika karne ya 19 watumwa wengi wa Unguja, Pemba na mwambao waliletwa kutoka bara, kutoka nchi za Wayao, Wanyasa, Wamanyema na wengineo. Mtu aliyetekwa utotoni hakuweza kuwataja babu zake saba, na hata alipoweza, majina yao hayakuwa na uzito mjini. Mwenye ukoo unaojulikana hakuulizwa rangi yake. Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el-Murjebi, alikuwa mweusi kiasi cha kuwashangaza wasafiri wa Kizungu walioambiwa kwamba ni Mwarabu, lakini pwani hakuna aliyeutilia shaka Uarabu wake, kwa sababu baba na babu zake walijulikana. Asiye na ukoo unaojulikana ndiye aliyetazamwa uso na nywele. Rangi ikawa shahidi wa asiye na shahidi.

Hapa ndipo wanapokosea wanaosema kwamba pwani ilibagua nasaba tu na kamwe haikubagua rangi. Ni kweli kwamba kanuni iliandikwa kwa lugha ya nasaba. Lakini kanuni huishi mikononi mwa watu, na watu hutafuta njia ya mkato. Baba aliyejiwa na mposaji asiyemjua hakufungua kitabu, alimtazama mposaji.

Tena kufu ilimtazama mume peke yake. Mtoto hufuata nasaba ya baba, kwa hiyo mwanamume wa daraja ya juu hakupungukiwa na kitu akimwoa mwanamke wa chini, ila mwanamke akiolewa na wa chini, watoto wake walishuka. Ndiyo sababu waungwana wa Lamu na Mombasa waliweza kuzaa na wajakazi wao na huku wakiwalinda binti zao ndani ya kuta za matumbawe. Hawakuona mgongano wowote kati ya mambo hayo mawili. Kwa kanuni yao, mgongano haukuwapo.

Ladha yenye bei

Usuria unastahili kutazamwa kwa makini kwa sababu ndiyo sehemu ambapo upendeleo wa rangi ulisemwa bila haya, tena kwa fedha. Hadi soko la Unguja lilipofungwa mwaka 1873, mwanamke wa Kihabeshi aliuzwa kwa bei kubwa kuliko mwanamke wa bara aliyekusudiwa kazi ya shamba, na Msarkasi alikuwa juu ya Mhabeshi, mali ya watu wachache mno. Mpangilio huu haukuzaliwa Unguja. Ulijulikana Cairo, Makka na Istanbul, na ulifika pwani pamoja na marekebu. Tajiri wa Unguja aliyesema kwamba moyo wake unapenda nywele za singa na rangi ya maji ya kunde alisema kweli kuhusu moyo wake. Lakini moyo huo ulikuwa umefunzwa na soko lililoanza kazi yake karne nyingi kabla hajazaliwa. Kilichokuwa mbali kilikuwa adimu, kilichokuwa adimu kilikuwa ghali, na kilichokuwa ghali kilionekana kizuri.

Shahidi wa ndani ya nyumba hiyo yupo. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said na suria wa Kisarkasi, aliyezaliwa mwaka 1844, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886 kwa jina la Emily Ruete. Anaeleza jinsi masuria wa Kisarkasi na wa Kihabeshi walivyojitenga katika makundi, na jinsi watoto walivyorithi mafarakano ya mama zao. Watoto wa Wahabeshi waliwaita ndugu zao wa Kisarkasi paka, kwa kuwa baadhi yao walikuwa na macho ya buluu. Kejeli hiyo ya watoto ina thamani kwa mwanahistoria. Inaonyesha kwamba ladha ya baba haikuwa imewashawishi wote. Jicho alilolinunua kwa bei kubwa lilikuwa kichekesho kwa watoto wake wengine, nyumba moja, mwaka mmoja. Uzuri haukukubaliwa na macho yote. Ulikubaliwa na mwenye kifuko.

Inafaa kusemwa kwamba wapo masuria waliopendwa sana. Suria aliyezaa na bwana wake hakuweza kuuzwa tena, na bwana akifa alikuwa huru. Baadhi yao walikuwa na sauti nyumbani kuliko wake wa ndoa, na Salme anamkumbuka mama yake kwa heshima isiyo na shaka. Lakini swali moja huyapima mapenzi hayo yote: je, alikuwa na uwezo wa kukataa? Hakuwa nao. Mwanamke wa Kihabeshi alipendelewa, na upendeleo huo ndio uliomwondoa kwao. Anayedhani kwamba ubaguzi katika mapenzi ni kuchukia tu, na kwamba kutamani ndiyo kinyume chake, hana pa kuliweka suria katika hesabu yake.

Salme mwenyewe aliujaribu mlango kutoka upande wa pili. Mwaka 1866 alitoroka Unguja, akiwa na mimba ya Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Mwaka uliofuata alibatizwa na kuolewa naye Aden. Kosa lake halikuwa la asili ya mchumba peke yake, kwa maana mwanamke wa Kiislamu haruhusiwi kuolewa na Mkristo, na hilo lingemkuta hata binti wa mvuvi. Hata hivyo tofauti inabaki. Baba yake aliyachagua mataifa kama mtu anavyochagua bidhaa, na watoto wake wakawa masultani. Binti alimchagua mtu mmoja, akapoteza nchi, na alipofariki Ujerumani mwaka 1924 hakuwa amerudishiwa urithi alioudai.

Sheria ilifutwa, ladha ikabaki

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed, akishinikizwa na Waingereza, alitia sahihi amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Masuria hawakuguswa. Amri iliwahesabu kama wake wa nyumba. Suria aliweza kuomba kuachiliwa iwapo alitendewa ukatili. Ilichukua hadi mwaka 1909 kwa uhuru kuwafikia nao. Hata Waingereza, waliojisifu kwa kupambana na utumwa, waliona kwamba mjakazi wa shamba ni mtumwa, bali mjakazi wa kitandani ni jambo la faragha ya mwenye nyumba. Hoja kwamba mapenzi ni faragha na hayahojiwi ina historia ndefu kuliko wanavyodhani wanaoitumia leo.

Waliokuwa watumwa walianza kujitengenezea heshima kwa alama walizozimudu. Wanawake waliiacha kaniki, nguo nyeusi ya kijakazi, wakajifunga kanga. Wengi walibadilisha majina ya asili zao. Katika sensa ya Unguja ya mwaka 1924 watu wengi walijiandikisha kuwa Waswahili. Katika sensa ya 1931 jina hilo lilikuwa limekimbiwa, kwa kuwa lilikuwa limeanza kunuka utumwa, na wengi wakawa Washirazi, Wahadimu au jina jingine lenye ukoo. Neno la zamani la heshima, uungwana, lilikuwa limekwisha kusukumwa pembeni na neno jipya, ustaarabu, ambalo ndani yake mna Uarabu. Lugha yenyewe ilikuwa inaonyesha macho yaelekee wapi.

Siti binti Saad aliuonja mgawanyiko huu kuliko wengi. Alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, mtoto wa watu waliotoka utumwani, na katika miaka ya 1920 sauti yake ilitafutwa majumbani kwa wakubwa na kurekodiwa Bombay. Wapinzani wake hawakuweza kuishambulia sauti, wakashambulia kiwiliwili na asili. Walimwimbia kijembe kumkumbusha kaniki aliyoingia nayo mjini, wakidai kwamba bila sauti hiyo asingekuwa na riziki. Mji ulimtaka na kumdharau kwa pumzi moja. Sauti ilipandishwa barazani. Uso uliachwa mlangoni.

Huko Lamu, Habib Saleh, sharifu aliyetoka Ngazija na kufariki mwaka 1936, aliwafungulia darasa watu ambao waungwana hawakutaka waelimike: waliokuwa watumwa, wageni, wakulima. Riyadha ikawa chuo kinachojulikana pwani nzima. Lakini kukaa pamoja mkekani hakukuwafanya watu wawe wakwe. Darasa lilifunguka kwa mtu mmoja kuamua kulifungua. Ndoa ilihitaji kila nyumba iamue peke yake, na kila nyumba ilikuwa ikiitazama nyumba ya jirani.

Jambo hili la nyumba kuogopa macho ya jirani limechorwa vizuri na Abdulrazak Gurnah katika riwaya yake Desertion ya mwaka 2005. Rehana, katika mji mdogo wa pwani ya Kenya mwaka 1899, anapendana na Mwingereza anayeitwa Pearce. Miongo mingi baadaye, Unguja, kijana Amin anampenda Jamila, mjukuu wa Rehana, na wazazi wake wanamkataza. Wazazi hao si watu wakatili. Ni walimu, watu wa kisasa, wanaompenda mwana wao. Lakini habari ya bibi imetangulia kufika, nayo inatosha. Gurnah anaonyesha kwamba ubaguzi wa mapenzi hauhitaji mtu mwenye chuki; unahitaji tu mtu anayeogopa kuulizwa.

Kuoa, kuolewa, kuoza

Siasa za Unguja kati ya uchaguzi wa 1957 na uhuru wa Desemba 1963 zililitoa jambo hili chumbani na kulipeleka magazetini. Wasemaji wa upande wa Hizbu walijivunia kwamba Unguja haina rangi, kwamba watu wamechanganya damu karne nyingi, na kwamba ni nani basi awezaye kusema huyu Mwarabu na huyu Mwafrika. Wasemaji wa upande wa Afro-Shirazi walijibu kwa swali moja: mchanganyiko huo uliingia kwa njia gani? Wanaume wa Kiarabu waliwachukua wanawake wa Kiafrika. Ni wangapi waliowatoa binti zao?

Kiswahili kina vitenzi vitatu hapa, na mabishano yote yalikuwa ndani yake. Mwanamume huoa. Mwanamke huolewa. Na nyumba huoza, yaani humtoa binti yake kwa mume. Upande mmoja ulizungumzia kuoa, ukatoa ushahidi wa kweli wa machotara wengi walioijaza visiwa. Upande wa pili ulizungumzia kuoza, ukatoa ushahidi wa kweli wa milango iliyofungwa. Hakuna aliyekuwa akisema uongo. Kila mmoja alikuwa ameshika kitenzi chake. Na aliyekosekana katika hoja zote mbili ni mwenye kuolewa, kwa kuwa pande zote zilimhesabu mwanamke kama mali ya jamii yake, ya kutolewa au ya kuzuiwa.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, kosa hilo lilizaa matunda yake machungu. Mwezi Septemba 1970 wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa watu wa Baraza la Mapinduzi. Habari zikaenea duniani. Utetezi wa Rais Karume ulikuwa wa kihistoria: enzi za ukoloni Waarabu waliwachukua wanawake wa Kiafrika kuwa masuria bila hata kujisumbua kuwaoa, na sasa mambo yamegeuka.

Utetezi huo ulikuwa na nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba usuria ulikuwapo, na kwamba machungu yake hayakuwa yameombewa radhi. Lakini dhuluma ya usuria haikuwa kwamba Mwarabu alimtaka Mwafrika. Dhuluma ilikuwa kwamba aliyetakwa hakuweza kukataa. Mwaka 1970 dhuluma hiyo haikufutwa; ilihamishwa kwa wasichana wengine, ambao wengi wao, kwa umri wao, hawakuuona hata usultani wenye nguvu. Tena walikuwa wa jamii ndogo ya Kiajemi, si wa nyumba za waliotajwa. Kwa kuvunja haki ya kukataa, waliotaka kuuzika usuria waliufufua.

Kwa hiyo historia imeliweka wazi jambo la kwanza ambalo halipaswi kuguswa. Mtu yeyote, kwa sababu nzuri au mbaya, ana haki ya kusema hapana kwa mwili wake na maisha yake. Hakuna usawa unaoweza kujengwa kwa kuiondoa haki hiyo. Lakini kuilinda haki ya kukataa hakuifanyi kila sababu ya kukataa kuwa safi, kama vile kulinda siri ya kura hakumfanyi kila mpiga kura kuwa na busara.

Kufu ughaibuni

Wengi waliokimbia mwaka 1964 na baadaye walifika Omani, hasa baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje. Huko waliikuta kufu ikiwasubiri. Sheria ya hali ya mtu binafsi iliyotolewa kwa amri ya kifalme mwaka 1997 inaitambua kufu katika ndoa, na desturi inaitambua zaidi ya sheria. Familia zilizohesabiwa kuwa za Kiarabu Unguja ziliitwa Wazinjibari Maskati. Lugha yao ya Kiswahili, na sura ya bibi mmoja katika ukoo, ilitosha kumfanya mtu aulizwe zaidi ya mara moja yeye ni wa nani. Waliozoea kupima walipimwa. Na wale waliofika bila jina la kabila, wajukuu wa waliokuwa watumwa, walikuta mlango ni uleule, ila umepakwa rangi mpya.

Uingereza na Marekani hakuna kufu katika sheria, lakini historia ya huko haiko mbali na hii. Virginia, kama Unguja, bwana wa shamba alizaa na mtumwa wake huku sheria ikikataza ndoa kati ya mweupe na mweusi. Mahakama Kuu ya Marekani ilipozifuta sheria hizo tarehe 12 Juni 1967, majimbo 16 yalikuwa bado nazo. Sheria ilifutwa, ladha ikabaki. Mwaka 2009 na tena 2014, mtandao wa kutafuta wachumba wa OkCupid ulitoa takwimu za watumiaji wake wa Marekani: kwa wastani wanawake weusi walithaminiwa chini na wanaume wa karibu kila asili nyingine, na wanaume wenye asili ya Asia walithaminiwa chini na wanawake. Mwezi Juni 2020 mtandao wa Grindr ulitangaza kuondoa chombo kilichomwezesha mtumiaji kuwachuja watu kwa asili zao.

Chujio hilo linafanana sana na jicho la yule baba wa karne ya 19 aliyemtazama mposaji mlangoni. Halimkatai mtu fulani baada ya kumjua. Linamwondoa kabla hajasema jina lake. Takwimu nazo zinaonyesha kisichoonekana kwa mtu mmoja mmoja: ladha ambazo kila mwenyewe anadhani ni zake peke yake, zikijumlishwa, hupanga foleni ileile ambayo soko la watumwa na sheria za ndoa ziliipanga. Kama ladha zingekuwa kweli za mioyo iliyo huru, zingetawanyika. Zinapoelekea upande mmoja kwa mamilioni, ni dalili kwamba zimefunzwa na mwalimu mmoja.

Na Waswahili wa ughaibuni wamesimama pande zote mbili za mlango huo. Mzazi anayelalamika, kwa haki, kwamba London mwanawe mwenye ngozi nyeusi anatazamwa kama kitu cha kujaribiwa na si mtu wa kuolewa, ndiye pengine anayemuuliza mposaji wa Kijamaika aliyesilimu, anayeswali na kufunga: baba yako ni nani? Swali hilo ni halali kama linatafuta tabia na malezi. Lakini mara nyingi jibu limekwisha kupatikana kabla ya swali kuulizwa, na linasomwa usoni.

Je, upendeleo wa rangi katika mapenzi ni ubaguzi? Pwani inajibu kwamba swali limeulizwa mahali pasipofaa. Haitoshi kumuuliza mtu anampenda nani, kwa kuwa Sayyid Said angejibu kwamba amewapenda wa mataifa yote. Hata anayependa watu wa rangi fulani tu anaweza kuwa anawapenda kama tajiri alivyopenda singa: sifa bila mwenye sifa. Linalofaa kuulizwa ni kama mlango unafunguka pande zote mbili. Anayeoa kwa watu fulani, je, ataoza kwao? Anayewatamani gizani, je, atawapeleka kwa mama yake mchana? Anayemkataa mtu, je, amemkataa yeye, au amekataa orodha ya bei ambayo haijui iliandikwa na nani?

Hakuna kadhi wala serikali inayoweza kuyajibu maswali hayo kwa niaba ya mtu, na mwaka 1970 ulionyesha hatari ya kujaribu. Lakini kutokuwa na hakimu si kutokuwa na hukumu. Mafakihi waliosema kwamba kufu ni haki inayoweza kuachwa na mwenyewe walikuwa wameliona jambo hili mapema. Walimwachia mwanamke na walii wake ufunguo, na kando yake wakaziacha habari za Zainab na Fatima, ili kila mwenye ufunguo ajue kwamba mlango umewahi kufunguliwa.